Gurudumu la Mbele

Tangu niolewe, kisu changu cha jikoni kilikuwa hakijawahi kuwa butu. Watu husema kinyozi hajinyoi, lakini mume wangu si wa hivyo. Amenoa visu vya watu kwa miaka arobaini na mitatu, na kila Jumamosi asubuhi cha kwanza kupita kwenye jiwe lake ni changu. Hukichukua mezani bila kuniuliza, hukirudisha kimefungwa kwenye kitambaa, na husema maneno mawili tu: "Angalia vidole." Wapo wanawake walioandikiwa barua za mapenzi. Mimi nimepewa hayo mawili, na yamenitosha.

Kwa hiyo, Jumatano moja nyanya ilipobonyea chini ya kisu hicho badala ya kukatika, niliduwaa. Nikajaribu tena. Maji yaliniruka kifuani na ngozi ya nyanya ikabaki nzima. Nikakisogeza kisu dirishani penye mwanga, nikaona kwenye makali yake mstari mwembamba wa buluu, kama mtu aliyepitisha kalamu ya wino.

Nilijua mstari huo umetoka wapi. Ila sikutaka kujua, kwa ajili ya mjukuu wangu.

Niseme kwanza habari ya baiskeli. Ni nyeusi, nzito, ya chuma cha zamani. Mume wangu huitumia kwa kazi mbili. Kwanza, humpeleka kwa wateja; pili, akishafika huipandisha kwenye stendi yake pana, gurudumu la nyuma likaelea hewani, kisha huketi pale pale kwenye tandiko na kukanyaga pedali. Gurudumu la nyuma huvuta mkanda, mkanda huzungusha jiwe lililofungwa mbele yake kwenye bomba la fremu, na kisu hunolewa. Kwa hiyo ile baiskeli ni usafiri wake na ni karakana yake. Mtaa mzima humwita Makali. Hata mimi humwita hivyo, nikiwa nimemkasirikia.

Wateja wake wengi wako juu, mwisho wa mlima: mwenye bucha, mpishi wa shule, kinyozi, na fundi cherehani mmoja aliyeanza kumletea mikasi tangu akiwa msichana wa kujifunza kazi. Mwaka jana goti la kulia la mume wangu likaanza kugoma. Kwanza alishuka na kuisukuma baiskeli kwenye mwinuko. Kisha akawa anapumzika mara tatu njiani. Mwisho akawa anapanda mara moja kwa wiki, na siku nyingine anakaa barazani akipangusa jiwe ambalo halina vumbi.

"Nikishindwa mlima," aliniambia, "nalifunga jiwe kwenye gunia. Sitakaa hapa nisubiri watu waniletee visu kwa huruma, kama wanaoleta rambirambi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Mjukuu wetu mkubwa ni fundi wa umeme kwenye kiwanda kilicho mbali na hapa. Habari ya goti ilipomfikia, aliomba likizo ya wiki mbili, akaja na boksi lililomzidi upana. Tangu ajue kusema, yeye huniita mke mwenza, maana babu yake ni mume wake, na tumemgombania miaka yote.

"Mke mwenzangu," aliita mlangoni, "nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mchukue," nikamjibu. "Ila ujue anakoroma, na goti moja ni bovu."

"Hilo goti ndilo nililolifuata."

Ndani ya boksi mlikuwa na gurudumu la nyuma, jipya, lenye mota katikati, nene kama sufuria ndogo iliyofunikwa. Mlikuwa na betri, na kisanduku cha kuongoza umeme, na nyaya za rangi nyingi. Mjukuu wangu alifanya kazi barazani siku nne. Alipima urefu wa mlima kwa kutembea. Alimpima babu yake kwenye mizani ya muuza nafaka, akalipima na jiwe. Betri aliifunga katikati ya fremu, na nyaya akazipitisha ndani ya mpira wa zamani wa tairi ili zisinase suruali ya mzee. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliwaza tu juu ya suruali yake.

Siku ya nne alifungua mnyororo, akautoa. Akatoa na pedali, akaweka vyuma viwili vya kupumzishia miguu.

"Kuanzia leo, babu, miguu yako ni abiria. Mlima unapanda kwa umeme, jiwe linazunguka kwa umeme. Unasokota hapa mkononi tu, kama pikipiki. Goti lisifanye kazi tena, limeshafanya ya kutosha."

Mume wangu aliutazama ule mnyororo mkononi mwa mjukuu. Niliona mdomo wake ukifunguka, kisha ukafumba.

"Ahsante, mke wangu," akasema. "Umenifikiria."

Asubuhi yake alipanda mlima bila kushuka hata mara moja. Watu walitoka madukani. Mwenye bucha alipiga kelele, "Makali, hiyo baiskeli umeinywesha chai gani?" Naye akajibu bila kugeuka, "Chai ya mke mdogo!" Mjukuu wangu aliyekuwa akimkimbilia nyuma alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Jioni hiyo alimpigia mama yake simu akamsimulia yote, mara mbili.

Huo ndio wema niliokuwa naulinda siku ile ya nyanya. Nilikificha kisu nyuma ya mitungi, nikachukua shuka lililohitaji pindo, nikapanda mlima taratibu hadi kwa fundi cherehani. Nilijiambia nimefuata pindo.

Alikuwa amekata kitambaa cha sare za shule, rundo limejaa mezani, na alikuwa anakikata kwa kimkasi cha kukatia nyuzi. Dole gumba lake lilikuwa limezungushiwa kitambaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkasi wako mkubwa uko wapi?"

"Upo, mama."

"Upo wapi?"

Mkasi ule aliachiwa na mama yake, na huutumia kwa kila kitu. Akafungua droo, akautoa, akaniwekea mezani. Mstari wa buluu ulikuwa humo, mrefu kama kidole.

"Alininolea wiki iliyopita," akasema. "Alipomaliza akaniuliza, uko sawa? Nikamwambia uko sawa, mzee. Ungeona alivyofurahi kupanda mlima, mama! Mimi ningesema nini? Tafadhali usimwambie."

"Na kidole hicho?"

"Kitapona."

Niliteremka na shuka langu likiwa bado halina pindo.

Mume wangu nilimkuta barazani. Nikakaa karibu yake, nikakiweka kisu kwenye mapaja yake. Hakukishika.

"Nimekiona Jumamosi ile ile," akasema. "Na mkasi nimeuona pia. Mtu huujua mkono wake ulipoharibu."

"Imekuwaje?"

"Mguu ndio sikio langu. Kisu kikilemea jiwe, mguu unasikia. Napunguza, naachia, jiwe linapungua lenyewe. Sasa mota hii haisikii kitu. Ukisokota imeondoka, inakimbia kama mtu anayeongea bila kukusikiliza. Jiwe likienda kasi, chuma kinashika moto, na kikigeuka buluu kimelegea. Unaweza kukinoa mpaka jioni, kesho kitakuwa butu. Nimejaribu kusokota kidogo kidogo. Mkono mmoja uko kwenye mota, kisu nimekishika kwa mwingine. Sijawahi kunoa kwa mkono mmoja."

"Na goti?"

"Goti halikatai kuzunguka. Linakataa kupanda. Kwenye stendi pedali ni nyepesi kama kubembeleza mtoto."

"Mbona humwambii mjukuu wako?"

Alinitazama kama niliyemwambia jambo la aibu.

"Nimwambie nini? Likizo yake yote ameinamia hapo, vidole vimeungua. Ataondoka Jumapili akiwa na furaha. Akishaondoka nitasema goti limezidi. Nalifunga jiwe kwenye gunia, na hakuna atakayeumia."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu mzima."

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha na asubuhi yake. Fundi cherehani alikuwa anamficha mzee. Mzee alikuwa anamficha mtoto. Mimi nilikuwa nawaficha wote watatu nyuma ya mitungi yangu. Kila mmoja wetu alikuwa mwema, na kwa wema wetu huo mtu mmoja alikuwa karibu kuacha kazi ya maisha yake, mwingine alikuwa anachubuka kidole, na mwingine angerudi kiwandani akiamini ameponya alichoharibu. Nikaona kwamba kunyamaza nako kuna makali yake. Ila sikujua nianzie wapi, maana mimi ndiye niliyemfundisha mtoto yule kwamba mtu akikupa kitu usikitafute kasoro.

Alhamisi adhuhuri nikampa nyanya sita na kile kisu.

"Nisaidie, mke mwenza. Macho yangu leo hayako vizuri."

Alikata moja. Akatazama ubao, akatazama kisu. Akakata ya pili, ikapasuka.

"Bibi, hiki babu hakukinoa?"

"Alikinoa Jumamosi."

Akakiinua kwenye mwanga. Yeye kila siku anashughulika na vyuma na moto, sikuhitaji kumweleza. Alivuta kigoda, akakaa.

"Kimeungua," akasema. Kisha, "Ni vingapi?"

"Changu nakijua. Na mkasi wa fundi cherehani. Vingine muulize mwenyewe."

Alitoka na kisu mkononi. Nilibaki jikoni, lakini dirisha langu linatazama barazani, na siwezi kusema kwamba sikusikiliza.

"Babu, kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na sasa?"

"Sasa unalia vilevile. Nimekula hasara mara mbili."

Alicheka huku akilia, ikawa sauti ya ajabu.

"Nilipima mlima," akasema. "Nilikupima wewe, nikapima jiwe. Sikukaa hata dakika kumi kukuangalia ukinoa. Nimekua nikikuona ukinoa, nikadhani nafahamu."

"Na mimi nilikuona ukitoa mnyororo nikafunga mdomo. Kosa tuligawane. Wewe chukua nusu kubwa, bado una nguvu za kubeba."

Hawakupoteza muda. Jioni hiyo alirudisha pedali na mnyororo. Mzee akakaa kwenye tandiko, akakanyaga. Akashuka.

"Nzito. Ni kama kukanyaga tope. Na nikiachia, gurudumu linasimama papo hapo."

"Ni sumaku za ndani ya mota," mjukuu akasema. "Hata umeme ukizimwa, zinashika." Akaketi sakafuni, mikono kwenye mashavu. "Mota ikikaa nyuma, itaingilia jiwe. Nikiitoa, mlima utakushinda. Ingekuwa ya gurudumu la mbele, babu! Mbele ingekuvuta mlimani, nyuma ungebaki na gurudumu lako la siku zote. Lakini ya nyuma haiingii mbele, ni pana mno. Na Jumapili naondoka."

Mimi si fundi. Lakini hununua maziwa kila asubuhi, na anayenunua maziwa hupewa na malalamiko ya muuza maziwa, hayo ni nyongeza ya bure. Kijana wetu wa maziwa naye ana baiskeli ya umeme. Ana makopo mawili makubwa nyuma, na kwa mwezi mzima nilikuwa namsikia akilaani mwinuko wa kwetu.

"Yule wa maziwa," nikasema kupitia dirishani, "mota yake iko wapi?"

Walinigeukia wote wawili.

"Kwa sababu kila siku ananiambia gurudumu la mbele linateleza. Anasema uzito wote uko nyuma, mbele hakuna kitu, basi linazunguka bure na yeye amesimama pale pale kama sanamu."

Mjukuu wangu aliinuka sakafuni polepole.

"Babu, jiwe lako na kasha la vifaa viko wapi?"

"Mbele. Si unaviona?"

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mume huyu mchukue wewe. Umeshinda."

Ijumaa asubuhi tulimvizia muuza maziwa kama wezi. Alipoelewa tunataka kubadilishana naye magurudumu ya mota, alishusha makopo kabla hatujamaliza sentensi. "Chukueni hata leo! Mota ya nyuma naiota kila usiku." Aliwauzia watu maziwa pale pale barazani kwetu siku nzima wakati baiskeli mbili zimelazwa miguu juu, na kila aliyekuja kununua alitoa ushauri. Kabla hajaondoka, alinijazia sufuria bila kupima, akajifanya anatazama pembeni.

Kulikuwa na tatizo moja. Ekseli ya mota ilikuwa nene kuliko nafasi ya kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli yetu. Mjukuu alikwenda kuchukua mashine yake ya kukatia chuma. Mume wangu akamzuia kwa mkono.

"Weka. Hapa ni kwangu."

Akatoa tupa yake ndogo, akaketi kwenye kigoda, akaanza kuchonga nafasi ile kwa tupa. Anapitisha mara tano, anapuliza, anajaribu ekseli. Mara tano, anapuliza, anajaribu. Mjukuu wangu alichuchumaa mbele yake na safari hii hakupima kitu chochote. Aliangalia mikono tu. Saa nzima aliangalia. Ekseli ilipoingia, iliingia kwa kusukumwa na dole gumba, wala haikucheza. Naye mjukuu akaikaza kwa bamba la chuma alilolikata mwenyewe, ili mota isije ikajizungusha na kuupasua uma.

"Sawa, fundi?" akamuuliza.

"Sawa, fundi," mzee akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpa jina hilo.

Jumamosi niliamshwa na sauti ambayo nilikuwa nimeikosa bila kujua kwamba nimeikosa. Jiwe lilikuwa linaimba chini chini, linanyamaza kidogo, linaimba tena. Katikati ya ule unyamavu nilisikia maji yakidondoshwa, na mguu ukisubiri. Nilipofika jikoni kisu changu hakikuwepo. Baadaye kilirudi, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Angalia vidole," akasema, na akatoka.

Tulipanda naye mlima, yeye juu ya baiskeli, sisi wawili kwa miguu nyuma yake. Gurudumu la mbele lilimvuta, na miguu yake ilizungusha pedali polepole, kwa heshima tu, ili baiskeli isijisikie peke yake. Hakwenda kwenye bucha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa fundi cherehani, akaweka stendi.

"Nipe mkasi," akasema.

"Mzee, mkasi uko sa—"

"Nipe."

Alifungua msumari wa katikati, akaugawa mkasi mara mbili, akaanza na upande ulioungua. Alinoa kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kopo, na mguu ulikwenda na kuacha, kwenda na kuacha. Ule mstari wa buluu ulipungua kama kivuli saa sita, ukabaki unywele, ukaisha. Kisha upande wa pili. Alipoufunga tena, fundi cherehani alilowesha kipande cha kitambaa chepesi, maana kitambaa kikiwa kimelowa ndipo mkasi mbaya hujulikana. Akakata. Kilifunguka mpaka mwisho bila kukunjamana.

"Umekuwa mwembamba," akasema, akiugeuza mkononi.

"Nimetoa ugonjwa wote. Niliuchoma mimi. Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Ukaniambia uko sawa."

"Nilikuwa nakusema wewe," akasema. "Si mkasi."

Mume wangu aliinama akaanza kukaza mkanda ambao haukuwa umelegea. Alichukua muda mrefu. Kisha kinyozi akatokeza na nyembe zake, na mpishi wa shule akatuma visu saba ndani ya ndoo, na nikaona kwamba hatarudi nyumbani kabla ya saa kumi. Lile gunia alilolitaja, nilikuwa nimeshalipa kazi nyingine tangu asubuhi: nimelitia viazi.

Mimi na mjukuu tuliteremka kuandaa chakula chake cha mwisho kabla ya safari. Nilifungua kitambaa, nikashika nyanya, nikakandamiza kisu kama nilivyokuwa nimezoea wiki hiyo. Kilipita nyanya kama hakuna kitu, kikanikuta mimi.

Mjukuu wangu alinikimbiza kwenye bomba la maji, akanifunga kidole huku akinigombeza. Mzee aliporudi jioni, vumbi la jiwe kwenye nyusi, alitazama kidole, akatazama nyanya zilizokatwa nyembamba kama karatasi.

"Si nilikwambia?" akasema.

"Uliniambia," nikasema. Nikampakulia.